Banda la Kuku Uani Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mpango na Bajeti

Hela ya korosho imeingia. Nianze kwa kumwita fundi?

Hapana. Anza kwa kuigawa hela mafungu matatu, tena uyaandike kwenye daftari: fungu la banda, fungu la kuku wenyewe, na fungu la chakula na chanjo mpaka yai la kwanza. Hilo la tatu ndilo linaloangusha watu. Banda linasimama, linapendeza, majirani wanapita kulitazama. Miezi mitatu baadaye mfuko wa chakula umeisha na mkulima anasubiri msimu ujao. Vifaranga wanafunguliwa wakajitafutie wakiwa bado wadogo, na mwewe anakula jasho la mtu.

Ukiona mafungu matatu hayatoshi, punguza idadi ya kuku na ukubwa wa banda. Fungu la chakula liache kama lilivyo.

Kuku wangapi wanatosha kuanzia?

Mitetea 10. Jogoo ni wa lazima pale tu unapotaka vifaranga; mayai ya kula yanatagwa bila yeye.

Kienyeji, chotara au wa mayai?

Inategemea una nini uani na una nini mfukoni. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, lakini anajitafutia, analalia, analea, na soko lake halitafutwi. Kuchi ni wa kienyeji pia, mrefu na mzito, na jogoo wake huuzwa vizuri. Chotara kama Sasso na Kroila hutaga mara mbili tatu ya kienyeji, na wakiwa na uwanja wanaokota sehemu ya chakula chao. Kuku wa mayai wa kisasa huvuka mayai 250 kwa mwaka, ila huyo ni mwajiriwa: usipomlisha sawasawa, anagoma.

Kwa mtu wa Masasi au Nachingwea mwenye uwanja mpana na mikorosho nyuma ya nyumba, ningesema chotara au kienyeji bila kufikiri sana. Kwa mtu wa mjini mwenye ua wa hatua kumi na ukuta, wa mayai, kwa sharti kwamba fungu la tatu limejaa. Kuku wa nyama ni habari nyingine kabisa, na ukurasa huu haumhusu.

Banda la kuku kumi liwe na ukubwa gani?

Kama kuku wanashinda nje na kurudi kulala, kuku watano hadi sita kwa mita moja ya mraba wanatosha, yaani mita 2 za mraba kwa kuku kumi. Kama watafungiwa siku nzima, hesabu watatu hadi wanne kwa mita ya mraba. Hapa pwani, kwa joto letu, kaa kwenye watatu.

Ndiyo maana nashauri mita 3 kwa 2. Linabeba kuku 18 hadi 20 wa kufungiwa, na zaidi ya 30 wa kulala tu. Utaanza na kumi, lakini mwakani utataka kuongeza, na kubomoa ukuta ni ghali kuliko kujenga mara moja.

Ndani weka vichanja vya kulalia, sentimita 20 kwa kila kuku, kichanja na kichanja vipishane sentimita 30. Viota vya kutagia viwe vya sentimita 30 kwa 30, kimoja kwa mitetea minne au mitano, tena kwenye kona yenye giza na chini kidogo ya vichanja. Kiota kikiwa juu kuliko kichanja, kuku watakigeuza kitanda na mayai yatakuwa na mavi kila siku.

Mbona hamjaweka bei?

Kwa sababu zitakudanganya. Saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara, lakini mfuko ukifika Liwale una nauli yake juu. Mbao za Mikindani na mbao za Ruangwa hazina bei moja, na bati la Januari si bati la Novemba, watu wakiwa na hela. Tunakupa idadi, wewe pita maduka mawili matatu, andika bei ya siku hiyo, zidisha, kisha ongeza asilimia 15 ya dharura. Fundi akikwambia dharura haihitajiki, iongeze hivyo hivyo.

Basi nipeni idadi ya vifaa vya banda la mita 3 kwa 2.

Tuchukulie ukuta wa chini wa tofali za saruji kozi tatu (kama sentimita 70), pande mbili fupi zimezibwa mpaka juu kwa mabanzi au mabati ya zamani, pande mbili ndefu zina wavu kwa juu, na paa lina mwinamo mmoja.

Tofali za inchi 6: 65, pamoja na za kuvunjika. Saruji: mifuko 4 ukisakafia, 2 usiposakafia. Nguzo: 6. Kenchi (mbao za kubeba paa): 5 za mita 3. Papi (mbao za kupigilia bati): za kutosha mistari minne ya mita 4, na kwa sababu mbao nyingi dukani ni futi 12, hesabu viungio. Bati za futi 10: 6, zikilala kufuata mwinamo, ili paa litokeze karibu nusu mita kila upande. Misumari ya bati kilo 1, ya inchi 4 na inchi 3 kilo moja moja. Wavu: mita 8, pamoja na wa mlango. Bawaba tatu, komeo moja, kufuli moja zuri. Mchanga na kokoto utaelewana na mwenye toroli au kirikuu.

Fundi mpe bei ya kazi nzima, si ya siku. Mlipe nusu paa likiwa limefunikwa, na nusu mlango ukiwa unafunga.

Makuti hayafai?

Yanafaa sana, na kwa ubaridi bati haliyafikii. Mchana wa Desemba, kuku chini ya bati tupu huhema mdomo wazi na kupunguza kutaga. Chini ya makuti wanatulia. Ubaya wake ni matatu. Yanadumu miaka mitatu minne hivi kisha unaezeka upya, kwa hiyo yaandike kwenye bajeti ya miaka ijayo. Yanahitaji mwinamo mkali, la sivyo masika yatavuja. Na ni nyumba ya panya, utitiri na wakati mwingine nyoka.

Wengine wanaezeka bati kisha wanalaza makuti juu yake. Ukimudu vyote viwili, hakuna paa bora kuliko hilo kwa hali ya hewa yetu. Usipomudu, bati na mti wa kivuli karibu, hata mwembe au mwarobaini.

Na nguzo za mikoko? Haziliwi na mchwa.

Ni kweli ni imara, lakini mikoko ni msitu wa hifadhi na haikatwi bila kibali. Ukiletewa boriti usiku bila karatasi, ukikamatwa nazo ni zako. Tumia miti ya kupanda au mti mgumu wenye kibali, paka oili chafu sehemu itakayoingia ardhini, iache ikauke kabisa kabla kuku hawajaingia, na shindilia mawe kuzunguka shina la nguzo.

Wavu wa kuku wa kawaida unatosha?

Unamzuia kuku kutoka. Haumzuii nguchiro kuingia, wala nyoka, wala kicheche, na fungo huutatua. Kama bajeti haibebi wavu wa matundu ya nusu inchi ukuta mzima, weka huo kwa futi mbili za chini kutoka juu ya tofali, na wa kawaida juu yake. Kwa walio karibu na bahari, Shangani, Msanga Mkuu, Kilwa Masoko na kwingineko, chumvi hula waya haraka. Nunua uliopakwa zinki nene hata kama ni ghali, na kila baada ya kiangazi pitisha mkono uone wapi umelegea. Tundu la ngumi moja linatosha kumaliza banda zima usiku mmoja.

Siafu hawazuiliki kwa wavu. Majivu kuzunguka msingi husaidia, na kusafisha majani husaidia zaidi.

Nilielekeze wapi?

Upande mrefu ulale mashariki kwenda magharibi. Jua la asubuhi na jioni litapiga kuta fupi zilizozibwa, na upepo wa kusi utapita kwenye wavu. Paa liinamie upande ambao mvua kubwa hupiga kwenu. Hilo mwulize mwenyeji yeyote aliyekaa hapo miaka mingi. Tundika turubai au viroba vilivyoshonwa upande wa wavu, vya kushusha wakati wa dhoruba na kupandisha asubuhi. Usivishushe mwezi mzima: banda lisilopumua hujaa harufu kali ya mkojo, kuku wanaanza kukoroma na macho kuvimba.

Funga paa kwa waya mpaka kwenye nguzo, si kwa misumari tu. Mtwara ilikaa roho juu Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipopiga kaskazini mwa Msumbiji, na Hidaya ya Mei 2024 watu wa Kilwa hawajaisahau.

Nijenge mwezi gani?

Hapa kalenda yetu inasumbua. Hela ya korosho huanza kuingia kuanzia Oktoba, kwa mnada na stakabadhi ghalani, na malipo yanaweza kuchelewa wiki kadhaa. Ukija kuishika mkononi, mvua iko mlangoni, mafundi wameshikwa na bati zimepanda.

Njia inayofanya kazi ni kugawa ujenzi. Hela ikiingia, nunua bati, wavu, misumari na chakula kidogo, vihifadhi ndani. Usinunue saruji ya kukaa. Unyevu wa pwani utaigeuza jiwe. Mvua zikikata, kuanzia Mei au Juni, nunua saruji, jenga kwa siku chache kwenye ardhi kavu, na fundi atakuwa na nafasi. Kuku waingie Juni au Julai. Ukiingiza vifaranga wa chotara wakati huo, wataanza kutaga karibu na Novemba au Desemba, mji ukiwa na hela.

Mwenye hela ya mshahara au biashara asisubiri msimu. Ajenge kiangazi.

Sakafu ya saruji ni lazima?

Kwa kuku wa kufungiwa, ndiyo. Kwa kuku wa kulala tu, udongo ulioinuliwa sentimita 15 juu ya uwanja na kushindiliwa vizuri unatosha, na umeokoa mifuko miwili.

Matandiko je? Kwetu maganda ya korosho ni bure.

Acha maganda ya korosho. Yana mafuta makali yanayochubua ngozi; wanawake wanaobangua kwa mkono wanayajua vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Tumia maranda kutoka kwa maseremala au pumba za mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 10, geuza kila wiki, ondoa yaliyolowa. Yakichakaa, yapeleke kwenye mchicha au kwenye mashimo ya minazi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mikorosho: wakati wa kupuliza salfa na dawa nyingine, kuku wasiwe chini ya miti hiyo, na kopo la dawa lisije likageuzwa chombo cha maji hata likioshwa mara ngapi.

Chakula kitanigharimu kiasi gani?

Kuku mkubwa anayetaga hula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku kumi ni kilo 1.2 kwa siku, kilo 36 kwa mwezi. Mfuko wa kilo 50 utakaa siku 41. Wakiwa wanashinda nje, gramu 40 hadi 60 za nyongeza zinaweza kutosha, hasa baada ya mvua wadudu wakiwa wengi. Septemba na Oktoba ardhi ikiwa imekauka, ongeza.

Kabla ya yai la kwanza, kuku wa mayai hula jumla ya kilo 7 hadi 8 kutoka siku ya kwanza mpaka wiki ya 18. Chotara ni mkubwa zaidi, mwekee kilo 8 hadi 10 mpaka afikishe miezi mitano. Kumi wa chotara ni kilo 80 hadi 100, yaani mifuko miwili. Hiyo mifuko miwili ndiyo moyo wa lile fungu la tatu.

Naweza kuchanganya mwenyewe?

Unaweza, na mikoa yetu ina malighafi nzuri: mahindi, pumba, mtama, mashudu ya alizeti, mashudu ya ufuta, makopa. Tatizo la wengi ni kulisha pumba tupu na kulalamika kuku hawatagi. Anayetaga anahitaji protini ya asilimia 16 hadi 18, kifaranga 18 hadi 20, na pumba haifiki hapo. Lazima mashudu na dagaa viingie, na madini ya dukani. Dagaa wetu wa baharini mara nyingi wana chumvi na mchanga. Chagua wasiotiwa chumvi, wapepete. Makombe ya pwani yaliyotwangwa ni chokaa nzuri ya kuimarisha ganda la yai, na hayauzwi.

Karanga au mahindi yenye ukungu tupa, usiwape kuku. Sumukuvu inaua kuku pia. Maganda ya muhogo mbichi yakaushe juani kwanza.

Kama ndiyo unaanza, kwa vifaranga nunua cha dukani miezi miwili ya kwanza. Jifunze kuchanganya kwa kuku wakubwa, ambao wanasamehe.

Maji ni ya kununua kwetu Newala.

Kuku kumi hunywa lita 3 hadi 5 kwa siku, kiangazi kikali lita 5. Ndoo ya lita 20 ni siku nne. Iandike. Bati la banda lenyewe linaweza kujaza pipa wakati wa mvua ukiweka mfereji, na mfereji mmoja wa mita 4 si gharama kubwa. Sakafu usiioshe kwa maji. Fagia na ubadilishe matandiko.

Ninunue vifaranga wa siku moja au waliokua?

Vifaranga ni rahisi kununua na ghali kulea. Wale wa siku moja mara nyingi husafirishwa kwa sanduku la 100 kutoka Dar es Salaam kwa basi, kwa hiyo tafuta wenzako mgawane. Ukitaka kubaki na 10, chukua 12 au 13. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha nyuzi kama 3 kila wiki. Mchana wa pwani wenyewe unafanya nusu ya kazi. Usiku wa Julai juu ya Uwanda wa Makonde haufanyi. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua vifaranga kwa hewa yake ya sumu, na mlezi pia.

Kama hujawahi kulea, nunua wa wiki sita hadi nane waliokwishachanjwa. Bei itakushtua, lakini toa humo chakula, mkaa, chanjo na waliokufa, utaona haiko mbali.

Chanjo si kwa wafugaji wakubwa tu?

Ugonjwa wa mdondo, wengine wanauita kideri, hauulizi una kuku wangapi. Hauna dawa, na ukiingia uani unaweza kuacha vyombo vya maji peke yake. Hupamba moto zaidi kiangazi. Chanjo yake ya I-2 inayostahimili joto ni tone moja la jichoni, na hurudiwa kila miezi mitatu. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi kuliko ulio nao, kwa hiyo kubalianeni nyumba tano sita, mchange, mchanje siku moja. Gharama kwa kila mmoja inakuwa ndogo mno, na kuku wa jirani hatakuletea ugonjwa.

Ndui huchanjwa mara moja kwenye ubawa. Vifaranga wa kununua huhitaji pia chanjo ya ugonjwa wa Gumboro. Mwulize muuzaji wamepewa nini na lini, aandike. Kuku wakifa ghafla wawili watatu, mpigie afisa mifugo wa kata kabla hujawala au kuwauza. Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) una kituo cha kanda Mtwara cha kuchunguza mzoga.

Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, siku ile ile ya chanjo, ili usisahau.

Mwisho wa yote, yai linalipa?

Pima kwa trei. Kuku kumi wa mayai wakitaga 7 kwa siku, trei ya mayai 30 inajaa kwa siku nne na robo hivi, nao wamekula kilo 5 za chakula. Kwa hiyo swali lako ni moja: trei kwenu inauzwa zaidi ya bei ya kilo 5 za chakula? Tofauti hiyo ndiyo inayolipa chanjo, maji, vifo na banda. Wakitaga 5 tu kwa siku, trei ile ile imekula kilo 7.2. Hapo wengi wanaanza kula hasara bila kujua, kwa kuwa hela ya mayai inaonekana kila siku na hela ya chakula inatoka mara moja kwa mwezi.

Kwa kienyeji na chotara, faida iko zaidi kwenye kuku mwenyewe. Jogoo na mitetea waliozidi wauze kuelekea Idd, Krismasi, na msimu wa jando na unyago. Mayai, wauza chipsi ndio wateja wa uhakika; elewana na mmoja kabla kuku hawajaanza kutaga.

Nikope ili nijenge?

Kwa kuku kumi, hapana. Marejesho huanza mwezi ujao, yai huanza baada ya miezi mitano.

Kuna gharama gani watu husahau?

Chakula cha akiba. Mei 2024, barabara ya kutoka Dar es Salaam ilipokatika maeneo ya Kilwa kwa mafuriko ya Hidaya, magari yalikaa siku kadhaa bila kupita. Masika yasikukute na mfuko ulioanza kuisha; kuwa na wa mwezi mmoja mbele, juu ya mbao zilizoinuliwa, mbali na ukuta na panya. Lakini usirundike wa miezi mitatu, unyevu utautia ukungu.

Vingine: vyombo vya maji na chakula, taa, kufuli, na nauli zako za kufuata vitu mjini.

Wezi?

Banda liwe karibu na dirisha la chumba unacholala, mlango uelekee nyumba.

Mjini kuna kibali?

Halmashauri zina sheria ndogo za ufugaji mijini, kwa hiyo pita kwa mtendaji wa mtaa kabla ya kuchimba msingi. Mwenye nyumba ya kupanga aombe ruhusa kwa maandishi, na ajenge banda la miguu la mbao linaloweza kubebwa akihama: mita moja kwa mbili, miguu ya sentimita 80, kila mguu ukiwa umezungushiwa kipande cha bati kuzuia panya. Hilo linalaza kuku kumi wanaoshinda nje.

Jirani analalamika jogoo anawika alfajiri.

Kama hutotoleshi, muuze au mpike. Kama unatotolesha, mhamishie upande mwingine wa ua, na matandiko yaliyolowa yatoe kila wiki. Mara nyingi ukimuuliza jirani vizuri, kinachomkera ni harufu.